Siku Chaula Alipomwungia Mwanangu Laini

Ninyi vijana mnaohama kila kodi ikipanda, godoro juu ya kigari cha kirikuu na ruta mmeizungushia sweta isipasuke, leo nina maneno nanyi. Nimestaafu, sina haraka, na magoti hayaniruhusu kwenda mbali, kwa hiyo mtanisikiliza. Jina langu Mligo. Nilikuwa fundi wa laini za simu, Njombe na Makambako, tangu simu ilipokuwa chombo kizito kinachokaa mezani kimefunikwa kitambaa cha kufuma, mpaka zilipofika hizi nyaya za kioo, nyembamba kama unywele.

Niwaambie mapema kwamba mimi ni mtu wa wivu. Mama Faraja, mke wangu, anasema ningezaliwa jiwe ningeonea wivu mawe mengine kwa kukaa juani. Nawaonea wivu wale kati yenu walio mafundi, kwa mfano. Sisi tuliunga shaba kwa mikono mitupu mwezi wa saba, umande umeganda kwenye majani, vidole havisikii, unauma waya kwa meno kwa sababu koleo limeanguka chini na hutaki kushuka nguzo. Ninyi mnafika na gari lenye kipasha joto, mnachomeka nyaya mbili kwenye kimashine, kinalia kidogo, kazi imekwisha. Halafu mteja anawapa soda!

Lakini wivu huo ni mdogo. Wivu wangu mkubwa una jina, nalo ni Chaula.

Chaula ni Mkinga wa kule Tandala, watu wa biashara. Alinikuta kazini, nikamfundisha mwenyewe kufunga mkanda wa kupandia nguzo, na kabla mwaka haujaisha watu wakawa wanakuja ofisini na kuuliza, "Yule fundi anayecheka yupo?" Mimi nimekaa pale pale mlangoni. Nikiwajibu kwamba hayupo ila mimi nipo, wanasema watarudi kesho. Kuna siku nilishinda kwenye mvua misheni kwa masista, natafuta mahali laini ilipokatika. Nilikagua nguzo baada ya nguzo, nikaipata hitilafu kwenye kiungo kilichoingia maji, nikakiunga upya, simu ikalia. Jioni Chaula akapita kuniletea betri ya tochi, amevaa koti kavu. Sista mkuu akatoka na trei la mayai, akamkabidhi Chaula, akamwambia, "Mungu akubariki kwa kazi ngumu." Akayapokea! Njiani alinipa nusu, nikakataa, na mpaka leo najuta kuyakataa yale mayai.

Hata Mzee Mgaya, aliyetulea kazini wote wawili, alipostaafu alimpa Chaula mkanda wake wa ngozi. Nilimfuata, nikamwuliza kwa nini si mimi niliyeanza. Akanitazama kiunoni, akasema, "Wako bado mzima." Kweli ulikuwa mzima. Jibu la mtu mwenye akili linauma kuliko tusi.

Basi niwape cha kuwafaa kabla sijaendelea kulalamika.

Ukienda kutazama nyumba ya kupanga, usitazame choo na bomba tu. Toka nje, inua kichwa. Nguzo iko wapi, na juu yake kuna kisanduku? Kisanduku kina nafasi, au kimejaa wateja wa mtaa mzima? Vijana wengi wanaona waya unapita juu ya paa, wanalipa kodi ya miezi sita, halafu ndipo wanauliza. Basi likipita mbele ya nyumba yako bila kusimama, unapanda? Mwulize jirani anatumia nini, na ikinyesha inakuwaje. Halafu mwulize mwenye nyumba kama anaruhusu kutoboa ukuta, tena umwulize kabla hujampa hela, maana ukishampa, ukuta unakuwa wa marumaru. Wengine watakwambia intaneti ipo tayari, imo kwenye kodi. Uliza mnagawana wangapi. Nilishakuta nyumba moja Makambako, wapangaji wa vyumba vyote na duka la mbele wananing'inia kwenye laini moja, na kila mmoja analipishwa kana kwamba ni yake peke yake.

Na unapoondoka, waage wenye huduma kama unavyomuaga mwenye nyumba. Hapa ndipo watu wetu wanapokosea, tena wanakosea kwa sababu ya adabu. Kwetu huku kwenye baridi, mtu aliyelelewa vizuri hahami akaacha nyumba imekauka. Anamwachia anayekuja balbu darini, mkaa kidogo kwenye pembe ya jiko, na ufagio nyuma ya mlango. Mama zetu walitufundisha hivyo na ni jambo jema. Sasa kulikuwa na mwalimu mmoja, Mlutheri safi kabisa, alihama Njombe kwenda Kitandililo. Akaacha balbu, akaacha mkaa, akaacha na ruta inawaka. Mkataba ulikuwa kwa jina lake. Mpangaji mpya akaingia, akaota moto, akatazama mpira mpaka msimu ukaisha, na ankara zikawa zinamfuata mwalimu. Alipokuja ofisini kulalamika nilimwuliza kwa nini hakuizima. Akaniambia, "Fundi, ningewaachaje wenzangu bila kitu?"

Balbu acheni. Mkaa acheni. Ruta zimeni, muirudishe ilikotoka na mpewe risiti, au mwondoke nayo kama ni yenu. Toeni taarifa mapema jinsi mkataba unavyotaka. Kama ni kifurushi cha kulipia kabla, hameni kinapokaribia kwisha, msikiache kinahudumia panya kwenye nyumba tupu. Na kwa zile siku za katikati, kabla nyumba mpya haijaungwa, wekeni bando dogo la simu, mtulie.

Lakini kubwa kuliko yote, kwa mafundi wa enzi zetu, lilikuwa hili: laini inamfuata mtu. Mteja akihama, unaihamisha laini yake, na akaunti yake, na namba yake. Kumwungia laini mpya mtu mwenye laini yake hai ilikuwa aibu kwa fundi, kwa sababu unamlipisha ada ya kuunganisha upya, unamfunga mkataba mwingine, na ule wa zamani unaendelea kutembea. Mzee Mgaya akikukamata umefanya hivyo ulikuwa unasafisha stoo mpaka ukome. Kila fundi wa Njombe alilijua hilo. Chaula alilijua.

Sasa njooni kwenye kisa.

Binti yangu, Faraja, aliolewa hapa hapa Njombe na kijana anayeitwa Joeli. Walipanga nyumba nzuri, si mbali na kwangu. Faraja anafundisha watoto hisabati kwa njia ya mtandao, jioni, watoto wa mbali huko ambao hajawahi hata kuwashika mkono, na wazazi wanalipa kwa mwezi. Laini ikilala siku chache, wazazi wanatafuta mwalimu mwingine. Akaniambia anahamia Makambako, kwamba kuna kazi ya mchana amepata huko na Joeli atafuata. Nikasema vizuri. Nikasubiri aniombe nishughulikie laini.

Hakuniomba.

Nilikuwa nimeshasafisha koleo langu. Nilikuwa nimeshalipaka mafuta na kuliweka kwenye mfuko wa koti. Mama Faraja alinikuta nalifuta mara ya pili, akasema, "Baba Faraja, mwache mtoto ahame kwa amani." Nikamwambia kwani amani inazuiwa na koleo? Akarudi jikoni.

Jumapili, baada ya ibada, tulikuwa nje kwenye mnada wa sadaka. Kuna jogoo mmoja mwekundu nilimtaka sana. Nikapanda bei, mtu nyuma yangu akapanda. Nikapanda tena, akapanda. Nikageuka. Chaula! Amevaa kofia ya sufu, anacheka kama kawaida. Akamchukua jogoo.

"Kamwene, Mligo," akasema, jogoo kwapani.

"Kamwene. Ninyi Wakinga mtanunua mpaka madhabahu."

"Tutakubakizia benchi." Halafu akapunguza sauti. "Kesho naenda Makambako kwa Faraja. Kanipigia nikamsaidie mambo ya laini."

Sikilizeni, vijana. Nimeanguka kutoka nguzoni na sikuumia hivyo. Nilimshikia Faraja baiskeli alipojifunza kuendesha. Nilimchukua akiwa mdogo kwenye gari la kazi, nikamvika vifaa vya masikioni asikilize laini inavyovuma. Jirani zangu wote wakihama wananiita mimi. Na mwanangu wa kumzaa, anayejua namba yangu, amempigia Chaula.

"Vizuri," nikamwambia. "Umsalimie." Nikaenda nyumbani na sikula.

Kesho yake sikuvumilia. Nilimwambia mke wangu naenda kutazama bei ya viazi, akanitazama mfuko wa koti uliovimba. Nikapanda gari la Makambako. Njia nzima nilikuwa naomba Mungu kitu kibaya, nakisema wazi: niliomba nikute Chaula amekosea. Nilitaka nikute waya unaning'inia, shimo limepasua ukuta, ruta imewekwa nyuma ya friji. Nilitaka Faraja aone, na aone palepale mbele yangu, kwamba kuna fundi na kuna mtu anayecheka.

Nilipofika upepo wa Makambako ulikuwa unatupa vumbi kama kawaida yake. Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba vya kupanga, safu moja, baraza ndefu, mama mwenye nyumba anapepeta maharage mlangoni kwake. Chumba cha Faraja kilikuwa cha mwisho. Nilisema chumba, na kilikuwa kimoja. Lakini macho yangu hayakukaa kwenye chumba. Yalikwenda juu, kwenye ngazi, alipokuwa Chaula.

"Shikamoo baba!" Faraja akatoka, amejifunga kanga, amekonda. "Umekuja? Mbona hukusema?"

"Marahaba. Nilikuwa napita."

"Unapita Makambako?"

"Watu hawapiti Makambako? Barabara zote zinapita hapa."

Akacheka kidogo, akamwita yule wa ngazini, "Baba mdogo, baba amekuja." Baba mdogo!

Nikaanza kukagua. Niliukagua ule waya kama askari anayekagua mzigo mpakani. Ulitoka kwenye nguzo umevutwa vizuri, haukulegea wala haukukazwa mno. Kabla haujaingia ukutani Chaula alikuwa ameuachia kitanzi kinachoning'inia chini, ili maji ya mvua yateremke na kudondoka, yasifuate waya mpaka ndani. Ndivyo Mzee Mgaya alivyotufundisha. Tundu lenyewe alilitoboa likiinamia nje. Niliingiza kidole nikapima, nikitumaini limenyooka. Liliinama. Ndani ruta iko juu ya kabati, mbali na dirisha, hewa inapita. Alikuwa amemfundisha mpaka namna ya kufunga waifai kwa nywila, wapangaji wengine wasijichotee. Alikuwa ameongea na mama mwenye nyumba kuhusu tundu kabla ya kulitoboa. Nilitafuta hata msumari uliopinda. Hakuna!

Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nimejaa nyongo. Faraja akaleta chai, akampa Chaula kikombe kwanza kwa sababu alikuwa ameshashuka na kusimama karibu na mlango, nami nikakiona kile kikombe kikipita.

"Bado tu kuwashiwa," Chaula akasema, ameshika kikombe. "Ofisi watapiga simu wahakikishe, halafu watafungua. Ukipata namba ya akaunti mpya, Faraja, iandike mahali."

Nikainua kichwa. "Akaunti mpya?"

Chaula akaweka kikombe kwenye kizingiti.

"Chaula. Umemwungia mtoto laini mpya?"

"Mpya, ndiyo."

Vijana, furaha iliyonipanda sitaificha. Nilisimama. Magoti hayakuuma. Miaka yote ile, mayai, mkanda, jogoo, na hatimaye nimempata! Nikaanza, na sauti yangu mnaijua ninyi mliofanya kazi chini ya nguzo yangu.

"Mtu ana laini hai Njombe! Ana akaunti, ana ruta, mkataba unatembea! Badala ya kuihamisha, unamlipisha kuunganisha upya? Unamfunga na mkataba wa pili? Sasa atalipa huku na atalipa kule! Hata kibarua wa juzi hafanyi hivi. Mzee Mgaya angekufagilisha stoo mpaka Pasaka!"

Mama mwenye nyumba aliacha kupepeta. Wapangaji wawili walitokeza vichwa. Chaula alikuwa anazungusha waya uliobaki kwenye kiwiko chake, taratibu, hanitazami.

"Jitetee basi," nikamwambia.

"Ndivyo mteja alivyotaka," akasema.

"Mteja hajui! Ndiyo maana kuna fundi!"

"Baba," Faraja akasema. "Punguza sauti."

"Sipunguzi. Mwanangu anaibiwa mchana na mimi nipunguze sauti?"

"Baba, laini ya Njombe ni ya Joeli." Alikuwa ameshika birika kwa mikono miwili. "Ipo kwa jina lake. Siwezi kuihamisha bila yeye, na sitaki kumwomba. Amebaki nayo. Amebaki na nyumba, na yeye hafuati. Mimi nimeondoka, baba."

Upepo ulibamiza mlango wa jirani. Ndipo nikakiona kile chumba. Kitanda kimoja chembamba. Sufuria mbili. Viatu vya mtu mmoja mlangoni.

Na mjue swali lililonitoka. Baba mzazi, mtoto wake amesimama mbele yake amekonda hivyo, amebeba neno zito hivyo. Sikumwuliza imekuwaje. Sikumwuliza kama alipigwa. Niliuliza, "Na Chaula alijua?"

Faraja aliweka birika chini. "Alijua kwa sababu ilibidi aulize laini ni ya nani. Nikamwambia, akasema haya, tutaunga mpya. Hakuuliza la pili. Wewe ungeuliza la pili, baba. Na la tatu. Halafu ungekwenda kwa Joeli na hilo koleo."

Nilitia mkono mfukoni bila kutaka. Lilikuwepo.

"Mama yako anajua?"

"Mama anajua."

Kwa hiyo wote walijua. Jikoni kwangu walijua, Chaula alijua na jogoo wake kwapani, na mimi niliyemzaa nilikuwa nafuta koleo. Sitawadanganya kwamba wivu uliniisha pale. Ulizidi. Nilimwonea Chaula wivu kwa kuambiwa, nikamwonea wivu zaidi kwa kuambiwa na kunyamaza. Mimi nisingeweza kukaa na neno hilo ibada nzima.

Chaula aliingiza vifaa vyake kwenye mkoba mmoja mmoja. Akamwambia Faraja taa ya ruta ikiwa nyekundu baada ya nusu saa ampigie. Chai hakuimaliza. Akanishika bega alipopita, akasema tu, "Mligo," akashuka barazani. Hata kujua saa ya kuondoka ananishinda.

Tukabaki wawili. Nikakaa tena kwenye ndoo. Faraja akakaa kitandani, akaanza kulia kimya kimya, akijifuta kwa pembe ya kanga. Nikasogeza ndoo karibu naye. Ilikwaruza sakafu kwa sauti mbaya, akacheka katikati ya machozi, nami nikamshika kisigino kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu. Sikuuliza la pili. Vijana, ilikuwa kazi ngumu kuliko nguzo yoyote niliyopanda.

Ndipo simu yake ikaita. Ilikuwa ofisi ya mtandao, msichana mwenye sauti ya haraka, na Faraja aliiweka spika ili ajifute uso.

Akaulizwa jina, akataja. Akaulizwa nyumba, akaeleza, ya mwisho kwenye safu, karibu na mama wa maharage. Akaulizwa kifurushi, akataja kile kidogo.

"Na tukikukosa hewani," msichana akasema, "tumpigie nani? Mtu wako wa karibu."

Faraja hakufungua orodha ya majina kwenye simu. Aliitaja namba yangu yote, kwa kichwa, tarakimu baada ya tarakimu, huku anautazama ukuta.

"Ni nani wako huyo?"

"Baba yangu."

Nilisimama. Nilitoka mbio barazani, kwa magoti haya haya, nikamruka mama na ungo wake, nikafika barabarani kwenye vumbi kumtafuta Chaula, arudi asikie ni namba ya nani iliyotajwa, amwambie yule msichana airudie kwa sauti. Alikuwa ameshakata kona.